Kompyuta ya Mezani: Uliza Itapatana na Nini Kabla ya Kulipa

Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi wa Wadi ya Kware, Eneo Bunge la Embakasi Kusini, Kaunti ya Jiji la Nairobi



Mazungumzo haya yanahusu kompyuta ya mezani: ile inayokaa kwenye kaunta ya saiba, kwenye afisi ya shule ya kibinafsi, kwenye duka la kupiga picha za pasipoti, na siku hizi kwenye kona ya chumba cha kupanga ambamo kijana anatafuta kazi za mtandaoni. Ukipita Kware na Pipeline, hutembei mbali kabla ya kuona bango lililoandikwa KRA, eCitizen, HELB na fotokopi. Nyuma ya kila bango kuna mashine, na nyuma ya mashine kuna mtu aliyeweka akiba, aliyekopa kwenye chama au aliyeuza kitu ili aipate.

Mashine hizo zinabeba mzigo wa watu wengi. Mwaka 2023 Serikali ya Kitaifa ilizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen. Leseni ya biashara ya kaunti hulipiwa kupitia NairobiPay. Kompyuta ya saiba ikigoma asubuhi, hasara haimwangukii mwenyewe peke yake. Mama aliyekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto anarudi nyumbani mikono mitupu. Bodaboda anayehitaji cheti cha tabia njema anapoteza siku ya kazi. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa masomo anaona siku ya mwisho inakaribia.

Mafundi wa mtaani watakuambia kwamba kompyuta nyingi zinazoletwa kwao zikidaiwa kufa, hazijafa. RAM ni nzima, printa ni nzima, Windows ni nzima, ila vitu hivyo havioani. Asiyejua hilo hununua kipande asichohitaji, kisha cha pili, kisha anatupa mashine ambayo ingemtumikia kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo mnunuzi akiwa dukani na kuuliza tu kama kompyuta inafanya kazi, atajibiwa ndiyo, na jibu hilo litakuwa la kweli. Swali linalookoa pesa ni hili: inafanya kazi na nini?

"Nimeuziwa i5. Je, ni nzuri?"

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika mitaa ya Eastlands ni mitumba. Zilikuwa kwenye afisi na shule za ng'ambo, hasa Uingereza, zikaondolewa wenyewe walipobadilisha vifaa, zikasafishwa na kuletwa Nairobi. Madukani huitwa "ex-UK". Nyingi ni HP EliteDesk, Dell OptiPlex au Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na mtu hana sababu ya kuona haya kuinunua.

Tatizo ni namna zinavyotangazwa. Mnunuzi huambiwa "hii ni Core i5" kana kwamba maneno hayo yanatosha. Prosesa za Core i5 zilianza kuuzwa mwaka 2009 na zikaendelea kutolewa kizazi baada ya kizazi. Kumwambia mtu "ni i5" ni kama kumwambia "ni Toyota" bila kutaja mwaka.

Mwaka wa prosesa unasomeka kwenye namba inayofuata. Namba ikiwa na tarakimu nne, ile ya kwanza ndiyo kizazi: i5-3470 ni kizazi cha tatu, ilitoka mwaka 2012. i5-6500 ni kizazi cha sita, ya mwaka 2015. i5-8500 ni kizazi cha nane, ya mwaka 2018. Namba ikiwa na tarakimu tano, tazama mbili za kwanza: i5-10400 ni kizazi cha kumi, ya mwaka 2020.

Kuiona namba hiyo hakuhitaji fundi. Kompyuta ikiwa imewaka, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Ukurasa utakaofunguka unaonyesha jina la mashine, prosesa na kiasi cha RAM. Mnunuzi afanye hivyo akiwa dukani kabla ya kutoa pesa. Asiamini stika iliyobandikwa kwenye kasha, kwa maana stika hubanduka na kubandikwa kwingine.

"Windows 10 imeisha. Nitupe kompyuta?"

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo linalotumiwa kuwatisha watu wauze mashine zao kwa bei ya kutupa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kompyuta hazikuzimika. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya kuziba nyufa za usalama. Kompyuta inaendelea kuwaka, ila kila ufa mpya unaogunduliwa unabaki wazi.

Wengi hukimbilia kuweka Windows 11, iliyotoka mwezi Oktoba 2021, na hapo ndipo kutopatana kunapojitokeza. Microsoft inataka kompyuta iwe na RAM ya angalau 4GB, nafasi ya diski ya 64GB, uwezo wa Secure Boot, chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha yake. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha nane. Kompyuta ya kizazi cha tatu, cha nne au cha sita, hata ikiwa na RAM ya 16GB na kasi ya kuridhisha, haimo.

Kuna mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika. Baadhi ya mafundi huzitumia bila kumwambia mteja. Microsoft yenyewe imetahadharisha kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata marekebisho. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Mwenye mashine ya zamani ana njia tatu zilizo halali.

Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa kuongeza marekebisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, anayekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko anaweza kupata huduma hiyo bila malipo. Asiyetaka hulipa dola 30. Kiungo cha kujiandikisha huonekana kwenye sehemu ya Windows Update. Mpango huo ni wa matumizi ya nyumbani. Mwenye saiba au afisi anapaswa kutumia mpango wa mashirika, ambao una malipo yake.

Ya pili ni kuhamia Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint. Haina malipo, inapata marekebisho, na inakwenda vizuri kwenye mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Afrika Mashariki ina historia nayo: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za afisi za OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa saiba ambayo kazi yake kubwa iko ndani ya kivinjari, yaani eCitizen, barua pepe, HELB na NairobiPay, Linux inatosha. Lakini programu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, kama mfumo fulani wa hesabu za duka, huenda isifunguke. Kwa hivyo mtu asifute Windows kwanza. Linux huwekwa kwenye flashi na kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Ajaribu intaneti, achapishe ukurasa mmoja, afungue faili zake. Akiridhika, ndipo aiweke moja kwa moja.

Ya tatu ni kuuza au kubadilisha mashine akiwa na ujuzi wa thamani yake, na anunue nyingine ya kizazi cha nane au zaidi.

Kwa yule ambaye bado yuko kwenye Windows 7, maneno ni machache. Huduma yake ilikwisha Januari 2020, na Google Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows hiyo mwaka 2023. Ndiyo maana tovuti zinamwambia kila siku kwamba kivinjari chake kimepitwa na wakati. Kubadilisha laini ya intaneti hakutamsaidia.

"Fundi ameniwekea Windows ya bure"

Jambo hili linahitaji kusemwa wazi. Windows iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni ina gharama, na anayeilipa mara nyingi ni mteja wa saiba. Nyingi ya programu hizo hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Mlango ukishafunguliwa namna hiyo, hakuna ajuaye kilichoingia. Kwenye kompyuta hiyohiyo, siku nzima, majirani wanaandika PIN ya KRA, nambari za vitambulisho na nywila zao.

Mara nyingi uvunjaji huo hata hauhitajiki. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro ina leseni iliyohifadhiwa ndani ya madabodi. Windows 10 Pro ikiwekwa upya, mashine inajitambua yenyewe mara inapounganishwa na intaneti. Shida hutokea fundi anapoweka toleo lingine, kama Enterprise, ambalo halioani na leseni ile, kisha anatumia programu ya kuvunja ili kuficha tofauti. Mteja aulize: mashine hii ilikuja na leseni ya toleo gani? Kisha aagize lilelile.

"Nimeongeza RAM lakini haiwaki"

RAM hutofautiana kwa vizazi, na kizazi kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine. Kompyuta nyingi za Intel za kizazi cha pili hadi cha nne hutumia DDR3. Kuanzia kizazi cha sita nyingi hutumia DDR4. Kijipengo kilichokatwa kwenye ukingo wa RAM kiko mahali tofauti kwa kila aina, makusudi ili mtu asikosee. Ikikataa kuingia, isilazimishwe. Kuna nafasi za RAM zilizovunjwa kwa sababu mtu alibonyeza kwa nguvu akidhani ni ugumu wa kawaida.

RAM ya laputopu ni fupi na haiingii kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Lakini zile kompyuta ndogo za mezani, zenye ukubwa wa kitabu, nyingi hutumia RAM ya laputopu. Tena kuna RAM za mashine kubwa za seva ambazo sura yake inafanana kabisa na ya kompyuta ya mezani, huuzwa rahisi, na zikiwekwa mashine haiwaki. Njia salama ni kwenda dukani na RAM ya zamani mkononi.

Wapo wanaolalamika kwamba wameweka RAM ya 8GB lakini kompyuta inatumia 3GB na ushei tu. Sababu huwa ni Windows ya biti 32, ambayo mwisho wake ni 4GB. RAM haina kosa. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64, ikiwa prosesa inaikubali, na kazi hiyo inahitaji kuanza upya. Basi faili zihifadhiwe kwingine kwanza.

Kwa mwenye pesa kidogo anayetaka mwendo wa kasi, mara nyingi faida kubwa hutokana na kubadilisha hadi diski ya zamani kuwa SSD. Ile ya inchi 2.5 inayotumia waya wa SATA inaingia karibu kwenye kila kompyuta ya mezani ya miaka 15 iliyopita. Ile nyembamba kama kipande cha chingamu, inayoitwa NVMe, inahitaji nafasi yake maalumu ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Ni rahisi kununua isiyofaa, kwa kuwa zote mbili huitwa SSD.

"Printa ilikuwa ikichapisha hadi jana"

Printa huongea na kompyuta kupitia programu ndogo inayoitwa draiva. Draiva ya Windows ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Kwa hivyo mtu anaweza kubadilisha Windows Jumamosi, na Jumatatu printa yake nzima ikawa haina lugha ya kuongea na mashine.

Kabla ya kubadilisha Windows, mwenye printa aandike modeli yake kamili, aingie tovuti ya aliyeitengeneza, na atazame kama kuna draiva ya Windows anayokwenda. Isipokuwepo, apime: je, kazi ya printa hiyo ina thamani kuliko Windows mpya? Kwenye duka la fotokopi huenda jibu likawa ndiyo. Hapo anaweza kuiacha kompyuta moja ya zamani kwa kuchapisha tu, bila kuiunganisha na intaneti, na faili zikapelekwa kwa flashi iliyopimwa virusi.

Jambo kama hilo hutokea kwa kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka. Kinakuja na CD ya draiva, ilhali kompyuta haina pa kuingiza CD, na draiva iko kwenye intaneti ambayo kompyuta haiwezi kuifikia bila draiva. Njia ya kutoka iko mfukoni. Simu ya Android huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu huwashwa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta hupata mtandao mara moja, na draiva inapakuliwa.

"Fomu ya KRA inakataa"

Kila mwaka, kadiri tarehe 30 Juni inavyokaribia, saiba hujaa watu wanaowasilisha ritani. Asiye na mapato humaliza ndani ya kivinjari. Lakini baadhi ya ritani hupakuliwa kama faili ya Excel yenye amri ndani yake, na faili hiyo ina masharti.

Amri hizo zinahitaji Excel ya Microsoft, na lazima ziruhusiwe zifanye kazi. Zikizuiwa, vitufe vya kuhakiki fomu havifanyi kitu. Ukiifungua faili hiyo ya Excel kwenye LibreOffice, usitarajie vitufe hivyo vikubali. Kwa watumiaji wa LibreOffice, KRA imekuwa ikitoa fomu za aina ya ODS, na mtu achague hiyo wakati wa kupakua. Tena tarehe za kompyuta ziwe katika mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Mashine nyingi huwekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku, na fomu huzikataa tarehe hizo. Badiliko lenyewe ni la dakika moja kwenye mipangilio ya eneo, lakini lisipojulikana huleta foleni ya nusu siku.

Kuna tatizo jingine dogo linalofanana na kubwa. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara, kama ya saa, inayoitwa CR2032. Ikiisha, kila stima inapokatika kompyuta inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Tovuti salama kama iTax na eCitizen hutumia vyeti vyenye tarehe, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 inaviona vyeti hivyo si halali. Kivinjari kinatoa onyo na ukurasa haufunguki. Mwenye kompyuta huilaumu intaneti, huilaumu KRA, huilaumu Windows. Kabla ya hayo yote, atazame saa kwenye kona ya skrini. Betri hiyo ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye kompyuta.

Stima, waya na skrini

Umeme wa Kenya ni volti 240. Kompyuta kutoka Uingereza hazina shida, na plagi zake ni zilezile. Zile zilizotoka Marekani zinahitaji macho mawili. Pawa saplai za zamani huwa na kiswichi kidogo chekundu nyuma, chenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kikiwa kwenye 115 na mashine ikachomekwa ukutani hapa Nairobi, husikika mlio, hunuka moshi, na mchezo umekwisha. Kiswichi hicho kitazamwe kabla ya kuchomeka. Pawa saplai isiyo na kiswichi isomwe lebo yake. Iliyoandikwa 100–240 inajirekebisha yenyewe.

Pawa saplai ikiungua, isinunuliwe yoyote kwa kuwa kasha linafanana. Baadhi ya modeli za HP na Dell zina plagi za umbo lake pekee kwenye madabodi, na pawa saplai ya kawaida haiingii. Vivyo hivyo kwa skrini: mashine yenye DisplayPort na skrini yenye VGA zinahitaji adapta iliyo sahihi, na adapta ya HDMI haiwezi kuchukua nafasi ya DisplayPort kwa sababu tu tundu zake zinakaribiana sura.

Haki ya mnunuzi

Kutopatana kwa vifaa hakutokani na uzembe wa mnunuzi kila mara. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na bidhaa hizo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 imeweka msingi huo kwa kirefu zaidi. Muuzaji anayesema "ni i5, inakubali Windows 11" akijua haikubali, amemnyima mnunuzi maelezo hayo.

Lakini haki inahitaji ushahidi, na ushahidi ni karatasi. Risiti iliyoandikwa "kompyuta moja" haina msaada. Risiti iandike modeli, namba kamili ya prosesa, kiasi na aina ya RAM, aina ya diski, toleo la Windows na leseni yake, na muda wa dhamana. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekwisha kutoa jibu. Mzozo ukishindikana kumalizwa kwa mazungumzo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Mwenye saiba naye ana wajibu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za wateja anaowahudumia. Vitambulisho vilivyoskaniwa visiachwe kwenye kompyuta. Diski isiuzwe na faili za majirani ndani yake. Kufuta kwa kawaida hakutoshi, diski ifutwe yote kwa programu ya kazi hiyo.

Mashine inapofika mwisho kweli

Ipo siku kompyuta haitatengenezeka. Isipelekwe jalalani wala kuchomwa ili kutoa shaba, maana moshi wake una sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto wa plotini. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe na zishughulikiwe ipasavyo. Kituo cha WEEE kilichoko Utawala, upande huohuo wa Embakasi, hupokea taka za kielektroniki na kuzichambua kwa njia salama. Pengine RAM ya mashine iliyokufa ndiyo inayotafutwa na jirani. Vipande vizima vitolewe kwanza.

Karatasi moja

Kila mwenye kompyuta ya mezani aandike karatasi moja na kuibandika ubavuni mwa mashine. Iwe na mambo sita: modeli ya kompyuta, namba ya prosesa, aina na kiasi cha RAM, aina ya diski, toleo la Windows pamoja na kama ni biti 32 au 64, na modeli ya printa. Anapokwenda kununua chochote, apige picha karatasi hiyo kwa simu na kuionyesha dukani. Anapomwita fundi, amwonyeshe kabla fundi hajafungua skrubu hata moja. Fundi mzuri atafurahi, kwa kuwa nusu ya kazi yake imefanywa.

Vijana wanaojua mambo haya wapo kila ploti. Mzee aliyewekeza kwenye saiba na hawezi kusoma namba hizo asione aibu kumwita mjukuu au kijana wa jirani amwandikie. Ni kazi ya robo saa. Akiwa na karatasi hiyo, hatauziwa RAM isiyoingia, wala hataambiwa mashine yake imekufa ilhali inadai betri ya saa tu.